Walikoishia mabingwa wa BMX, na njia finyu ya waendesha baiskeli wa Kenya

KATIKA mji wa Kakamega, baiskeli ilijulikana kwa kazi kabla ya kujulikana kwa mchezo. Kabla ya pikipiki kutapakaa, mhudumu wa bodaboda alimpakia abiria kwenye keria iliyotandikwa mto wa sponji na kumpeleka Lurambi, Amalemba au kituo cha mabasi kwa nguvu za miguu yake pekee. Baiskeli hiyo hiyo ilibeba gunia la mahindi, makaa, miwa na hata kitanda kizima.

Biashara hiyo ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Kutoka huko ilienea kote magharibi mwa Kenya. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru kwa pikipiki ndogo zenye injini ya chini ya cc 250, na katika miaka michache tu vijana wengi waliokuwa na mapaja ya chuma wakaacha kukanyaga pedali na kuanza kununua petroli. Yaliyokuwa mazoezi ya kila siku, ambayo hakuna kocha aliyeyapanga, yakaisha bila kutangazwa.

Ndiyo maana swali la walikoishia waliokuwa wakishindana kwa baiskeli haliko mbali na Kakamega kama linavyoweza kudhaniwa. Afrika Mashariki swali hilo huhusu zaidi mbio za barabarani na za milimani. Huko Ulaya, Marekani na Australia huulizwa pia kuhusu BMX, mchezo ambao humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka sita au saba na mara nyingi humwachilia kabla hajatimiza miaka 30, maisha yake yote yakiwa bado mbele.

Mbio za BMX zilianza kusini mwa jimbo la California nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, pale watoto walipochukua baiskeli zao ndogo na kuanza kuwaiga waendesha pikipiki waliokuwa wakishindana kwenye vumbi na matuta. Baiskeli ya mchezo huo ina magurudumu ya inchi 20, gia moja na breki moja ya nyuma. Haina keria, haina kengele, na kiti chake ni cha kuegemea tu kwa kuwa mshindani hutumia karibu mbio zote akiwa amesimama juu ya pedali.

Washindani wanane hupangwa nyuma ya lango. Lango likianguka, huteremka kutoka kwenye kilima cha kuanzia, ambacho katika Olimpiki kina kimo cha mita 8, kisha huruka matuta na kukata kona zilizoinuliwa kwa umbali wa takriban mita 400. Mambo yote huwa yamekwisha kabla ya sekunde 40. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Dayton, Ohio, mwaka 1982. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, likauchukua mchezo huo chini ya mwavuli wake mwaka 1993, na Olimpiki ikaupokea jijini Beijing mwaka 2008.

Mchezo wa muda mfupi hivyo humfunza mtoto mambo matatu: kutoka langoni kwa nguvu zote, kusawazisha baiskeli inapotetereka, na kutoogopa bega la mwenzake kwenye kona. Ujuzi huo haufi mtu anapoiacha BMX. Ndio unaoeleza kwa nini majina mengi makubwa ya baiskeli duniani, yanapofuatiliwa nyuma, hukutwa kwenye matuta ya udongo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chris Hoy, aliyezaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1976. Alishindana katika BMX tangu akiwa na miaka saba hadi 14, akawa miongoni mwa watoto bora wa Uingereza, kisha akaacha. Alijaribu raga na kupiga makasia kabla ya kurejea kwenye baiskeli, safari hii katika uwanja wa mviringo. Alijishindia nishani sita za dhahabu za Olimpiki: moja Athens mwaka 2004, tatu Beijing mwaka 2008 na mbili London mwaka 2012. Oktoba 2024 alitangaza kwamba saratani ya tezi dume aliyokuwa nayo haina tiba ya kuiondoa, na tangu hapo ametumia jina lake kuwahimiza wanaume kupimwa mapema.

Katika ushindi wa Beijing wa mbio fupi za timu, Hoy hakuwa peke yake aliyetoka kwenye BMX. Mwenzake aliyeanza mbio hizo, Jamie Staff, alikuwa bingwa wa dunia wa BMX mwaka 1996. Staff alihamia uwanja wa mviringo akiwa tayari mtu mzima, jambo ambalo wakufunzi wengi wangesema limechelewa, lakini kazi yake katika timu ilikuwa ile ile aliyoijua tangu utotoni: kuondoka langoni haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Alipostaafu aligeuka mkufunzi na kuwafunza waendeshaji wa mbio fupi wa Marekani.

Mwaustralia Robbie McEwen alikuwa bingwa wa BMX nchini mwake kabla ya kuingia barabarani akiwa na umri wa miaka 18. Katika Tour de France alishinda hatua 12 na kuitwaa jezi ya kijani, anayovishwa mwenye alama nyingi zaidi, mara tatu: 2002, 2004 na 2006. Waliomtazama akijipenyeza katikati ya kundi la watu wanaokwenda kilomita 60 kwa saa, bila treni ya wenzake ya kumvuta, hawakushangaa waliposikia alikokulia.

Mholanzi Harrie Lavreysen aliondolewa kwenye BMX na mwili wake. Mabega yake yalikuwa yakiteguka mara kwa mara, akalazimika kutafuta mchezo usio na kuruka. Aliupata katika uwanja wa mviringo, na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alitwaa dhahabu tatu katika michezo hiyo hiyo mimoja. Jeraha ambalo kwingineko lingemrudisha kijana nyumbani kulisha ng'ombe, kwake lilikuwa uhamisho.

Wapo waliokwenda na kurudi. Mfaransa Anne-Caroline Chausson aliikuza miguu yake kwenye BMX, akaiacha ili kutawala mbio za kuteremka milima kwa miaka mingi, kisha akarejea kwenye baiskeli ya inchi 20 ilipotangazwa kuwa mchezo wa Olimpiki. Ndiye mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu ya BMX, mwaka 2008. Upande wa wanaume aliyeshinda siku hiyo alikuwa Māris Štrombergs wa Latvia, nchi yenye watu wasiotimia milioni mbili, idadi inayokaribia ile ya Kaunti ya Kakamega.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba miguu pekee ndiyo iliyowafikisha watu hao walikofika. Hoy alipoiacha BMX, mjini kwao kulikuwa na uwanja wa mviringo wa Meadowbank, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970. Kulikuwa na klabu, na kulikuwa na watu wazima wenye saa za kupimia muda. Mwaka 1994 Uingereza ilifungua uwanja wa ndani jijini Manchester, na kuanzia 1997 fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuwalipa wanamichezo ili wafanye mazoezi bila kutafuta kibarua. Mtoto wa BMX aliposhuka upande mmoja, upande wa pili palikuwa na mlango ulio wazi.

Na wapo ambao mlango haukuwasaidia. Sam Willoughby wa Australia alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2012 na 2014, na alishinda fedha katika Olimpiki ya London. Septemba 2016, wiki chache baada ya Olimpiki ya Rio, alianguka akifanya mazoezi California na kuumia uti wa mgongo, akapooza. Mchumba wake, Alise Post wa Marekani, alikuwa ametoka kushinda fedha jijini Rio. Walioana, naye Willoughby, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akawa mkufunzi wake. Chini yake Alise ameshinda ubingwa wa dunia zaidi ya mara moja.

Katika familia ya Sakakibara, pia ya Australia, kaka na dada walikuwa wakishindana pamoja. Kai alianguka Februari 2020 mjini Bathurst, akaumia ubongo na kukaa muda mrefu bila fahamu. Alilazimika kujifunza upya kutembea na kuzungumza, kisha akaingia katika kupiga makasia kwa wanamichezo wenye ulemavu. Dada yake Saya aliendelea na BMX, na jijini Paris mwaka 2024 akatwaa dhahabu.

Kisa kinachosikitisha zaidi ni cha mtu aliyeuasisi mchezo wenyewe. Scot Breithaupt alikuwa mvulana mdogo alipoanza kuandaa mbio za baiskeli huko Long Beach, California, mwaka 1970. Baadaye alianzisha kampuni ya baiskeli ya SE Racing, ambayo jina lake lingali madukani. Mihadarati ilimwandama kwa miaka mingi. Julai 2015 alikutwa amefariki ndani ya hema katika kiwanja kitupu mjini Indio, jimbo hilo hilo. Mchezo wake ulikuwa tayari umeonekana Olimpiki mara mbili.

Kwa Mkenya, orodha hii ina jina moja linalokosekana kwa sababu mwenyewe hakutoka kwenye BMX, ingawa safari yake inafanana. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kukutana akiwa mvulana na David Kinjah, mwendeshaji mwenye rasta kutoka kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu. Kinjah alimfundisha kuendesha baiskeli ya milimani kwenye njia za vumbi za Kiambu, kutengeneza mnyororo uliokatika, na kustahimili kuachwa nyuma na vijana waliomzidi.

Wote wawili waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Melbourne mwaka 2006, ambapo Froome alimaliza wa 17 katika mbio dhidi ya saa. Mwaka huo huo, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake, alijiandikisha kwa mashindano ya dunia ya vijana nchini Austria kwa kutumia anwani ya barua pepe ya shirikisho na jina la afisa wake, kwa kuwa aliona hakuna mtu mwingine ambaye angemwandikisha. Mwaka 2008 alichukua leseni ya Uingereza. Alishinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, na kila mara wimbo wa taifa uliopigwa jijini Paris haukuwa wa Kenya.

Kinjah mwenyewe alifunguliwa mlango mwaka 2002 alipojiunga na timu ya Italia ya Index-Alexia, akiwa miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza kupata mkataba wa namna hiyo Ulaya. Alirudi nyumbani, na kazi yake kubwa zaidi ikawa ni hiyo aliyoifanya kwenye nyumba yake ya Mai-a-Ihii: kuwalea vijana wa kundi la Safari Simbaz, kuwafunza mbio na pia ufundi wa baiskeli, ili atakayeshindwa kuwa bingwa asikose mkate. Mpango huo wa Kinjah haukungoja ripoti ya mtaalamu yeyote, na ni vigumu kuutaja mwingine nchini uliodumu hivyo.

Mwaka 2008, mwaka ule ule pikipiki zilipoondolewa ushuru, Wakenya wawili walipelekwa Ufaransa na mpigapicha kutoka Singapore, Nicholas Leong. Mmoja, Zakayo Nderi, alikuwa mng'arisha viatu. Mwenziwe, Samwel Mwangi, alikuwa mhudumu wa bodaboda ya baiskeli. Leong aliamini kwamba nchi inayotoa wakimbiaji bora duniani haiwezi kukosa waendesha baiskeli, akaitaka saa ithibitishe. Waliupanda Alpe d'Huez, mlima wa kilomita 13.8 wenye kona 21 ambao Tour de France huutumia kuwatenganisha wanaume na wavulana, na Nderi akafika juu kwa takriban dakika 42. Ni muda ambao waendeshaji wengi wa kulipwa hawafikii.

Kutokana na jaribio hilo ilizuka timu ya Kenyan Riders, yenye makao Iten. Haikuwa safari nyepesi. Novemba 2011, mmoja wa waendeshaji wake, John Njoroge, alifariki katika ajali akiwa kwenye mashindano nchini Ufilipino. Timu hiyo ilipata leseni ya UCI kwa muda na kushindana hadi Australia, lakini haikufika Tour de France ambayo Leong alikuwa ameiota.

Suleiman Kangangi alipitia timu hiyo, akahamia Bike Aid ya Ujerumani, na mwaka 2017 akamaliza wa tatu katika Tour du Rwanda. Alipoona umri unasonga, hakungoja kuachwa. Akawa nahodha wa Team Amani, kundi la Waafrika Mashariki wanaoshindana kwenye barabara za changarawe, akawaandalia wadogo zake nafasi ambazo yeye hakuzipata. Agosti 27, 2022, akiwa na umri wa miaka 33, alianguka katika mashindano ya Vermont nchini Marekani na kufariki.

Ukizitazama safari hizi za Wakenya kwa pamoja, jambo moja linajitokeza ambalo halimo katika zile za Hoy au Lavreysen. Kila mlango ulifunguliwa na mtu mmoja: mwalimu wa Kikuyu, mpigapicha mgeni, wafadhili wa timu. Mtu huyo anapochoka, kuhama au kufariki, mlango hufungwa naye.

Kakamega haina haja ya kwenda Edinburgh kujifunza ngazi inavyojengwa, kwa sababu inayo ya kandanda. Mvulana mwenye kipaji huonekana katika michezo ya shule, ambako Shule ya Upili ya Kakamega, maarufu Green Commandos, imetawala mara nyingi. Kutoka hapo yupo Kakamega Homeboyz, wenyeji wa uwanja wa Bukhungu, ambao mwaka 2023 walitwaa Kombe la FKF. Juu yao ipo AFC Leopards, klabu iliyoasisiwa mwaka 1964 na ambayo Waluhya huihesabu kuwa yao popote walipo, na juu kabisa ni Harambee Stars. Hata anayeishia katikati ya ngazi hubaki na jina, na jina humfungulia kazi ya ukufunzi, ya shule au ya ofisi. Mwendesha baiskeli wa umri huo huo, aliyeweza kumpandisha mtu mzima kutoka Khayega hadi mjini bila kushuka, hakuwa na hata kipingili cha kwanza.

Nchini Rwanda, mtu mmoja aliyefika mbali alijenga kipingili hicho. Adrien Niyonshuti, aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994 akiwa mtoto, alishindana katika mbio za milimani za Olimpiki ya London mwaka 2012. Baadaye akaanzisha chuo cha baiskeli kinachobeba jina lake mjini Rwamagana, mashariki mwa nchi hiyo. Tofauti na ilivyokuwa kwa Wakenya, nyuma yake palikuwa na timu ya taifa yenye kambi, mashindano ya kila mwaka ya Tour du Rwanda, na serikali iliyokuwa tayari kufunga barabara za mji mkuu kwa ajili ya baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya UCI ya barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika.

Kwa upande wa BMX, gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyosemwa. Uwanja wa kujifunzia hauhitaji mbao wala paa. Huhitaji kipande cha ardhi chenye mteremko, udongo unaoshikana, sepetu, na mtu wa kuyarekebisha matuta kila baada ya mvua. Kakamega, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kazi hiyo ya mwisho ndiyo ingekuwa nzito. Helmeti na baiskeli zenyewe ni ghali zaidi, ingawa klabu nyingi za Ulaya huwaazima watoto hadi itakapojulikana nani atadumu.

Magharibi mwa Kenya baiskeli bado hazijatoweka. Zingali zikibeba maziwa, miwa na wanafunzi, na chini ya miti kando ya barabara mafundi wangali wakinyoosha spoki na kuziba mipira. Si wachache miongoni mwa mafundi hao waliokuwa wahudumu wa bodaboda kabla ya pikipiki kuja, na wanayo mapaja ya kuthibitisha.